Namna ya Kutumia Matundu ya Diski za Nje kwenye Kompyuta ya Mezani Iliyoundwa kwa Vipuri

Anayenunua kompyuta ya mezani iliyokamilika hupata matundu ya kuchomekea diski za nje, hasa ya USB, ambayo watu wengine wameshayaunganisha na kuyajaribu kiwandani. Aliyeiunda kompyuta yake mwenyewe, au aliyeundiwa na fundi kwa vipuri alivyovichagua, hana uhakika huo. Matundu ya nyuma yalikuja na ubao mama (ubao mkuu wa saketi), ya mbele yalikuja na kasha, na waya unaoyafikisha ya mbele kwenye ubao ulichomekwa na mkono wa aliyeiunda mashine. Kwa hiyo diski ya nje inapokwenda mwendo wa kobe, au inapojikata katikati ya kunakili mafaili, mara nyingi kasoro haiko ndani ya diski bali kwenye njia iliyopo kati ya diski na ubao mama. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unaeleza namna ya kuiandaa diski, kuitumia na kuichomoa bila kupoteza kitu.

Tundu la nyuma na tundu la mbele

Matundu ya nyuma yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, hivyo kati ya plagi ya diski na saketi inayoisoma hakuna waya mwingine wala kiungo kingine. Matundu ya mbele, au ya juu ya kasha, yana waya unaopita ndani ya kasha hadi kwenye safu ya pini iliyo ukingoni mwa ubao. Kila kiungo kinachoongezeka hupunguza kidogo ubora wa mawimbi ya umeme yanayobeba data, na katika kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde upungufu huo unaweza kutosha kuifanya diski ijikate na kujiunga upya. Ushauri wangu ni kwamba diski inayokaa mahali pamoja kwa miezi, kama ile ya nakala za akiba, ichomekwe nyuma, na tundu la mbele liachiwe diski inayokuja na kuondoka.

Rangi ya tundu husaidia kidogo tu. Kwa kawaida tundu jeusi au jeupe ni la USB 2.0 na la bluu ni la gigabiti 5 kwa sekunde, lakini zaidi ya hapo kila mtengenezaji hujichagulia rangi zake, na makasha mengine huwekewa matundu meusi yote kwa ajili ya urembo. Majina nayo yanachanganya zaidi kuliko rangi. Kiwango kilichotolewa mwaka 2008 kwa jina la USB 3.0 kilibadilishwa jina baadaye kuwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, ilhali kasi yake ni ileile ya gigabiti 5. Ukisoma kijitabu cha ubao mama, usishughulike sana na jina; tafuta kasi iliyoandikwa kando yake, yaani megabiti 480, gigabiti 5, 10 au 20. Kijitabu hicho hupatikana pia kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutafuta namba ya toleo iliyochapishwa juu ya ubao wenyewe.

Tofauti ya kasi hizo huonekana wazi kazini. Tundu la USB 2.0, ingawa kwenye karatasi lina megabiti 480 kwa sekunde, kwa kawaida hupitisha takriban megabaiti 30 hadi 40 za mafaili kila sekunde (baiti moja ni biti 8). Kwa kasi ya megabaiti 35, kujaza diski ya terabaiti 1 kunachukua karibu saa 8. Diski ndogo ya kuzunguka ya inchi 2.5 ikiwa kwenye tundu la gigabiti 5 hupitisha takriban megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde, na kazi ileile huisha kwa saa 2 au 3. Baada ya hapo kikwazo ni diski yenyewe, kwa hiyo kuitafutia diski ya kuzunguka tundu la gigabiti 10 au 20 hakuongezi kitu. Matundu hayo yaachiwe diski za SSD, zile zisizo na sehemu inayozunguka.

Kuunganisha matundu ya mbele ndani ya kasha

Kabla ya kufungua kasha, zima kompyuta, zima swichi ya pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika sehemu ya chuma isiyopakwa rangi ya kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, na urudie kufanya hivyo kila unaposogea na kurudi.

Ndani utakutana na plagi za aina tatu. Ya kwanza ni ndogo, ina nafasi 9 za pini, nayo ni ya USB 2.0, plagi moja huhudumia matundu mawili. Ya pili ni pana, ina nafasi 19, nayo ni ya USB 3.0, hii pia huhudumia matundu mawili. Ya tatu ni fupi na bapa, haina pini zinazoonekana, nayo hupeleka data kwenye tundu moja la Type-C la mbele ya kasha. Iwapo kasha lako lina tundu la Type-C lakini ubao mama wako hauna kiungo hicho bapa, tundu hilo litabaki pambo. Zipo adapta zinazogeuza safu ya pini 19 iweze kupokea plagi bapa, lakini kasi itabaki ile ya safu uliyoitumia.

Plagi ya pini 19 inahitaji uangalifu kuliko zote, kwa kuwa waya wake ni mnene na mgumu, na pini za ubaoni ni nyembamba kama sindano. Tazama kwanza ukingo wa plagi: upande mmoja una nundu ndogo, na ukuta wa plastiki unaozunguka pini ubaoni una pengo upande mmoja. Nundu na pengo lazima vielekeane, na kona moja ya safu haina pini kabisa. Ukishaziweka sawa, bonyeza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho wa plagi, ukisukuma chini wima bila kuiyumbisha. Ikigoma, iinue, chunguza kwa tochi kama kuna pini iliyolala, inyooshe polepole kwa ncha ya kibano, halafu jaribu tena. Siku ya kuichomoa uangalifu unahitajika zaidi, maana plagi hubana sana kiasi kwamba ikivutwa kwa pupa huweza kung'oa ukuta wote wa plastiki na kupindisha pini. Shika plagi yenyewe, wala si waya, na uilegeze kidogo kidogo kutoka mwisho huu na ule.

Plagi ndogo ya pini 9 ina hatari ya namna nyingine: safu ya pini za sauti za mbele inafanana nayo sana. Ya USB inakosa pini kwenye kona, ilhali ya sauti inakosa pini iliyo moja kabla ya kona. Kwenye mbao mama za zamani kulikuwa pia na safu ya FireWire (aina ya zamani ya kiungo cha vifaa vya nje) ambayo umbo lake ni lilelile la USB lakini hubeba volti 12, na diski au flashi iliyochomekwa kwenye tundu lililounganishwa huko kimakosa huungua. Soma maandishi yaliyochapishwa kando ya safu kabla ya kuchomeka. Pini iliyopinda nayo huweza kuleta shoti. Baadhi ya mbao mama zikigundua kwamba umeme umezidi kwenye tundu la USB huonyesha onyo wakati wa kuwaka, na kompyuta hujizima baada ya sekunde 15. Ukiona onyo hilo, chomoa plagi za mbele zote, kisha zirudishe moja moja mpaka yenye kasoro ijulikane.

Umeme wa kuzungusha diski

Kila diski ya kuzunguka ina mota, na mota inakula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampia 500 kwa volti 5, na la USB 3.0 miliampia 900, yaani wati 4.5. Diski za inchi 2.5 zimeundwa zijitegemee kwa kiasi hicho. Diski za inchi 3.5 zinahitaji pia volti 12 ambazo tundu la kawaida la USB halina, na ndiyo sababu huja na adapta yake ya ukutani. Weka alama kwenye adapta hiyo. Kichwa chake huweza kuingia vizuri kabisa kwenye kifaa kingine, na kichwa cha adapta ya kompyuta mpakato, yenye volti 19 au zaidi, huweza kuingia kwenye diski na kuiua papo hapo.

Diski ya inchi 2.5 inayotoa mlio wa kugonga, inayowaka taa bila kuonekana kwenye kompyuta, au inayopotea kila unapoanza kunakili faili kubwa, huenda haipati umeme wa kutosha. Ihamishie kwenye tundu la nyuma kwa waya mfupi, bila habu (kigawanyio cha matundu ya USB) katikati. Ikitulia, tatizo lilikuwa njia. Ikiendelea kugonga hata hapo, acha kuitumia kwa kazi nyingine yoyote mpaka uwe umeokoa mafaili yako, kwa sababu mlio huo ni dalili pia ya diski inayokufa.

Waya nao hutazamwa kwa haraka mno. Diski nyingi za nje zina tundu pana lenye sehemu mbili, na sehemu moja kati ya hizo inapokea waya wa kawaida wa simu za zamani. Diski itafanya kazi kwa waya huo, lakini kwa kasi ya USB 2.0. Waya nyingi za Type-C zinazouzwa pamoja na chaja za simu zina ugonjwa huohuo: hubeba umeme vizuri, ila data hupita kwa megabiti 480 tu. Tumia waya uliokuja na diski, na ukilazimika kununua mwingine uwe usiozidi mita moja hivi.

Kupima njia yote

Chukua faili moja kubwa, gigabaiti 10 au zaidi, ulinakili kutoka diski ya ndani kwenda ya nje na uangalie kasi. Usiamini sekunde za mwanzo, kwa maana wakati huo mfumo huweza kupokea data kwenye kumbukumbu ya RAM kabla ya kuiandika diskini. Subiri hadi namba itulie. Ikitulia kwenye megabaiti 30 au 40 kwa sekunde ilhali umechomeka kwenye tundu la bluu, diski inaongea kwa USB 2.0. Chomoa kwa utaratibu, kisha chomeka tena kwa mkupuo mmoja thabiti. Plagi ya USB 3.0 ya umbo la kawaida ina pini za zamani mbele na pini mpya nyuma zaidi, hivyo inaposukumwa polepole sana pini za zamani hugusana kwanza na kompyuta huweza kuipokea diski kama kifaa cha USB 2.0.

Kwenye Linux jibu linapatikana bila kunakili chochote. Andika lsusb -t kwenye dirisha la amri, na mwishoni mwa mstari wa kila kifaa utaona 480M, 5000M au 10000M. Mstari huohuo hutaja pia draiva inayotumika, yaani programu inayoiendesha diski. Ikiandikwa uas, diski inapokea maagizo mengi kwa mpigo, jambo linaloisaidia sana SSD. Ikiandikwa usb-storage, inapokea agizo moja baada ya jingine.

Doki ya SATA na tundu la eSATA

Baadhi ya makasha ya kuundia kompyuta yana doki, yaani mfereji wa juu ambamo diski husimamishwa bila kasha lake, na mengine yana tundu la eSATA (SATA ya nje) mbele. Vyote viwili vinatumia SATA, njia inayounganisha diski za ndani na ubao mama, si USB, na vyote hutegemea waya wa data wa SATA kufika kwenye ubao mama. Doki inahitaji pia waya wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. Tundu la eSATA la kawaida halitoi umeme, kwa hiyo diski iliyo upande wa pili lazima iwe na adapta yake, na waya wake usizidi mita 2.

Kabla ya kuchagua tundu la SATA la ubaoni, fungua kijitabu kwenye ukurasa unaoeleza nafasi za M.2, zile za SSD nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja ubaoni. Katika mbao mama nyingi, ukijaza nafasi fulani ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA huzimika kimyakimya, na mtu huweza kuilaumu doki siku nzima ilhali haina kosa. Ukishapata tundu lililo hai, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka), hakikisha SATA iko katika hali iitwayo AHCI, kisha tafuta namba ya tundu hilo na uwashe chaguo lililoandikwa “Hot Plug”, yaani kuchomeka kompyuta ikiwa imewaka. Chaguo hilo lisipowashwa, diski huweza kuonekana pale tu kompyuta inapowaka ikiwa tayari ndani ya doki, na mfumo huichukulia kuwa ya ndani.

Usitumie tundu la ndani la SATA lenyewe kwa kuchomeka na kuchomoa diski kila wiki. Kiungo cha ndani kilibuniwa kwa takriban mara 50 tu, wakati cha eSATA kilibuniwa kwa mara 5,000.

Kuiandaa diski, na onyo moja kubwa

Diski mpya ambayo haijaandaliwa haitaonekana kwenye orodha ya kawaida ya mafaili. Kwenye Windows, fungua diskmgmt.msc, na utaiona ikisubiri kuandaliwa. Chagua jedwali la GPT (jedwali ni orodha ya sehemu zilizogawanywa diskini), kwa kuwa lile la zamani la MBR haliwezi kwa kawaida kuhudumia diski inayozidi terabaiti 2 na kidogo. Mfumo wa mafaili utategemea diski itakapokwenda: NTFS ikiwa ni ya Windows pekee, ext4 ikiwa ni ya Linux pekee, na exFAT ikiwa itazunguka kwenye kompyuta mbalimbali, zikiwemo za macOS, ambayo husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki. FAT32 iachwe, kwani haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi.

Onyo linawahusu hasa wenye doki. Diski iliyokuwa ndani ya kasha lake la USB, ukiitoa na kuisimamisha kwenye doki ya SATA, huweza kuonekana kana kwamba ni tupu, na Windows ikakuomba uiandae upya. Usikubali. Makasha fulani ya USB huitambulisha diski kwa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia) za baiti 4096 wakati diski yenyewe hujitambulisha kwa baiti 512, na mengine husimba data yote kwa saketi iliyo ndani ya kasha. Kwa vyovyote vile, mafaili yako bado yapo. Irudishe diski ndani ya kasha lake la awali, nakili kila kitu kwenda mahali pengine, ndipo uiandae kwa ajili ya doki. Aliyebonyeza kukubali ameandika jedwali jipya juu ya la zamani, na kuanzia hapo kazi ni ya programu za uokoaji.

Kuchomoa

Tangu toleo la 1809 la Windows 10, diski za nje za USB huwekwa kwa chaguo-msingi katika utaratibu wa kuandika bila kuchelewesha, hivyo hatari ya kuchomoa ghafla imepungua, lakini haijaisha kwa diski inayoendelea kuandikwa. Tumia alama ya kutoa kifaa iliyo karibu na saa. Kwenye Linux, angalia jina la diski kwa lsblk, kisha uiage kwa udisksctl unmount -b /dev/sdb1 ikifuatiwa na udisksctl power-off -b /dev/sdb, ukibadilisha herufi na namba kulingana na ulichokiona. Diski ya kuzunguka isiinuliwe mara moja. Isubiri kama nusu dakika hadi usikie mota imenyamaza. Mfumo ukikuambia diski bado inatumika, funga kwanza programu zilizofungua mafaili yake, na usipoipata iliyo na hatia, zima kompyuta ndipo uchomoe.

Mambo machache yanayosumbua

Kompyuta inayoganda kwenye nembo ya ubao mama wakati diski ya nje imechomekwa mara nyingi inajaribu kuwakia kutoka kwenye diski hiyo. Panga upya mfuatano wa kuwakia ndani ya BIOS. Diski inayolala na kushindwa kuamka huenda inazimiwa na mpangilio wa Windows wa kubana umeme wa USB, ambao hupatikana kwenye mipangilio ya juu ya umeme. Kipanya kisichotumia waya kikianza kurukaruka kila unaponakili mafaili, sogeza kipokezi chake mbali na diski, kwa kuwa vifaa vya USB 3.0 hutoa mwingiliano katika masafa ya gigahezi 2.4 ambayo kipanya hicho hutumia.

Matundu ya nyuma yakiwa yamejaa, ni afadhali kadi ya nyongeza ya PCIe, ile inayochomekwa kwenye nafasi za upanuzi za ubao mama, kuliko habu isiyo na umeme wake. Chagua kadi inayopokea waya wa umeme kutoka kwenye pawa saplai iwapo utachomeka diski zaidi ya moja zisizo na adapta. Angalia pia kadi inaingia kwenye nafasi gani: nafasi ya x1 (ile fupi kabisa) ya PCIe 2.0 hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde kwa jumla, kiasi kinachozitosha diski mbili za kuzunguka zikifanya kazi pamoja, lakini kinachoibana SSD moja ya gigabiti 10. Usiichomeke chini kabisa ya feni za kadi ya michoro kama kuna nafasi nyingine, na baada ya kufunga kasha, pima kila tundu jipya kwa lile faili kubwa kabla ya kulikabidhi diski yenye nakala zako za akiba.